Nani Anayelitimua Vumbi?

Somo letu la leo ni vumbi.

Wakulima wa korosho mnalijua jambo moja tayari. Mnapopuliza salfa ili kuzuia ubwiriunga, mnaamka alfajiri kabla upepo haujaanza, kwa kuwa unga laini huchukuliwa mbali. Udongo nao una unga laini kama huo, na sehemu kubwa ya chakula cha mimea imo humo. Ukishapeperushwa haurudi shambani.

Sasa tazameni barabara ya udongo wakati wa kiangazi. Vumbi limelala, na upepo unavuma juu yake. Lakini likipita lori, au hata kundi la mbuzi, vumbi linatimka. Kwa nini upepo peke yake haukuliinua? Chembe za vumbi ni ndogo mno, nazo hushikana. Tena upepo ulio karibu kabisa na ardhi ni dhaifu.

Shambani hakuna lori. Basi ni nani anayelitimua vumbi huko? Ni mchanga. Mwingereza mmoja, Ralph Bagnold, askari aliyesafiri kwa motokaa katika majangwa ya Misri na Libya, alichunguza mwendo wa mchanga na upepo, akatoa kitabu mwaka 1941. Chembe za mchanga huinuliwa kidogo, huruka kama panzi, huanguka na kugonga nyingine. Zinapogonga udongo mkavu, vumbi hufumuka.

Panzi hawa hawaruki juu sana. Wengi hawafiki magotini. Jaribuni wenyewe. Simikeni mti penye uwanja wa mchanga, mfunge makopo matatu, midomo ikielekea kusi: moja karibu na ardhi, la pili usawa wa goti, la tatu usawa wa kifua. Baada ya siku saba pimeni uzito wa kilichoingia katika kila kopo. Wataalamu wa ardhi hufanya hivyo hivyo, ila vyombo vyao ni vya ghali.

Kwa hiyo hata mabua mafupi huwazuia panzi hawa. Mtaniuliza: korosho tutaziokotaje penye majani? Ni kweli, chini ya mkorosho lazima pafagiwe. Lakini kati ya mistari, majani mliyofyeka yaacheni yalale. Msiyachome.

Juma lijalo leteni makopo yenu darasani, pamoja na mizani.