Kuku wa Sepuka na Adui wa Usiku

Jina la Singida ni nadra kutajwa pwani bila ya kutajwa kuku. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kitoweo cha kuku wa kienyeji huuliza wa Singida, na sisi wa visiwani tuvukao bahari kwenda na kurudi tumewaona kuku hao mara nyingi, wamebanana katika matenga baada ya safari ya kiasi cha kilomita 700 kutoka nchi kavu ya kati. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza kuku yule ameepuka hatari ngapi za usiku hata akafika sokoni.

Mwandishi wa makala haya amepata kulala Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Singida Vijijini. Nilikwenda huko kwa kazi za Chama, na mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa uwele na alizeti, mwenye kuku 14 katika kibanda cha miti kilichoegemea ukuta wa jiko. Mlango wa kibanda ulikuwa kipande cha gunia na jiwe la kukizuia. Usiku wa pili tulisikia kelele, kisha kimya kikatanda kabla hatujawasha taa. Kulipopambazuka tulikuta kuku 11 wamelala chini, wameumwa shingoni, na mwingine mmoja hayupo kabisa. Wawili tu walisalia, wameng'ang'ania boriti ya juu. Mama yule hakulia. Alihesabu mizoga kwa kidole, akasema: "Hizi zilikuwa sare na madaftari ya Januari."

Neno hilo halijanitoka moyoni, na ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Mali isiyoandikwa

Tuzungumzapo uchumi wa Singida hutaja ng'ombe, alizeti, vitunguu na asali. Kuku hutajwa mwisho, tena kwa kicheko, kwa sababu mali hiyo aghalabu iko mikononi mwa wanawake. Lakini ng'ombe hauzwi kwa ajili ya kununua daftari, wala shamba haliwezi kukatwa kipande ili mtoto mwenye homa apelekwe zahanati. Kuku huuzwa mmoja mmoja kwa kadiri ya haja. Ndiye akiba ya mnyonge, iliyo karibu na iwezayo kutolewa siku yoyote. Basi mnyama wa porini anapoingia kizimbani usiku mmoja na kuua kuku 11, si kitoweo kilichopotea bali ni akiba ya kaya nzima.

Wengi huuliza kwa nini mnyama aue 11 ilhali amechukua mmoja tu. Wengine husema ni uchawi au husuda ya jirani, na maneno hayo huvunja ujirani bure. Sababu iko wazi. Porini mnyama akirukia ndege mmoja, wengine huruka wakatawanyika. Ndani ya kibanda hawana pa kwenda. Wanapapatika mbele ya macho yake, na kila mpapatiko humwamsha aume tena. Isitoshe, kuku haoni vizuri gizani. Asili yake ni ndege wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, ambao hupanda mtini jua likitua na kutulia huko hadi alfajiri. Kuku aliyezingirwa gizani ni kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

Adui ni nani?

Vita haipiganwi bila ya kumjua adui. Katika nchi ya Singida, na takriban Bara yote, wako kicheche, kanu, fungo, paka wa porini, nyegere na mbweha. Wako pia nyoka, panya na siafu. Kila mmoja huacha alama yake. Mizoga iliyoumwa shingo na kichwa, ikaachwa mingi mahali pamoja, huashiria kicheche, kanu au mnyama wa jamii hiyo. Ukuta ulioparuliwa au shimo lililochimbwa chini yake huashiria nyegere, mnyama mwenye makucha na ukaidi usio na mfano. Vifaranga wanaopungua wawili watatu kila usiku, bila ya damu wala manyoya, yafaa kwanza kumshuku panya au nyoka. Banda lililofunguliwa bila ya kuvunjwa, kuku wakaondoka wote, adui wake ana miguu miwili.

Sisi wa Unguja na Pemba tusidhani kwamba habari hizi ni za Bara peke yake. Ngawa na cheche tunawajua, na chatu si mgeni mashambani kwetu. Mchana tuna kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo akawa balaa la vifaranga. Kwa hiyo somo la Sepuka ni letu pia.

Kulala nao ndani

Wazee wa Sepuka walikuwa na jawabu lao. Katika tembe, nyumba ile ya udongo yenye paa la bapa, watu na mifugo midogo walilala chini ya paa moja. Kicheche hakuthubutu kupita mbele ya moto na watu. Hata leo ziko nyumba nyingi, Bara na visiwani, ambamo kuku huingizwa jikoni au uvunguni mwa kitanda usiku. Tusiwacheke wafanyao hivyo, kwani wanalinda walicho nacho.

Lakini ulinzi huo una gharama yake. Kuku huleta utitiri na viroboto, na kinyesi chao kina vijidudu vya kuharisha ambavyo mtoto atambaaye sakafuni huviokota kwa mikono na kuvitia kinywani. Basi tumwambiapo mama awatoe kuku ndani kwa ajili ya afya ya mtoto, na tukaishia hapo, tumemtoa katika hatari moja tukamtumbukiza katika nyingine. Mwenyeji wangu alikuwa ameshauriwa awatoe kuku nyumbani, naye akatii. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kujenga pa kuwalaza. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo si lake.

Kizimba kilicho imara

Kizimba kinachofaa hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji miti, udongo, bati chakavu, na mtu mwenye nia. Kwanza, kiinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita moja kutoka ardhini, ili hewa ipite, kinyesi kidondoke chini kupitia nafasi ndogo za fito za sakafu, na mchimbaji asipate pa kuchimba. Kila nguzo izungushiwe bati la debe lililokunjuliwa. Kanu na panya hupanda mti kwa makucha, na kucha haina pa kushika juu ya bati. Miguu ya nguzo ikisimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu nao watakomea hapo. Ngazi ya kupandia kuku iondolewe kila jioni, na kizimba kisiwe karibu na tawi la mti wala ukuta, kwa maana mnyama asiyeweza kupanda nguzo ataruka kutoka juu.

Pili, matundu. Wengi hununua wavu wa kuku wenye matundu mapana wakaridhika. Wavu ule humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii adui asiingie. Kicheche mdogo na nyoka hupenya, na mnyama mkubwa huuchana. Madirisha yawekewe wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, au fito zilizobanwa pasipite kidole. Asiyeweza kuinua kizimba, na ajenge chini kwa tofali na udongo, lakini azike mawe au wavu kuzunguka msingi kwa kina cha sentimita 30.

Tatu, ndani ya kizimba kuwe na fito za kulalia zilizo sawa kwa urefu, ili kuku wasigombanie ya juu, na kila mita moja ya mraba isizidi kuku watano au sita. Nne, mlango uwe wa ubao na komeo la kweli. Kizimba cha shilingi nyingi chenye mlango wa gunia hakina tofauti na uwanja.

Hata hivyo, kizimba peke yake hakitoshi. Kuku aliyezoea mtini hataingia kwa kuamriwa. Na afungiwe humo siku kadhaa, kisha apewe pumba au mashudu ya alizeti humo humo kila jioni. Baada ya hapo, jua likishuka, atarudi mwenyewe. Kazi ya mwenye nyumba itakuwa kuhesabu na kutia komeo kabla giza halijaingia.

Tusiue rafiki kwa hasira

Aliyepotelewa na kuku 11 hutamani kulipiza. Wako wanaotia sumu katika mzoga na kuutupa kichakani. Jambo hili ni baya na ni la hatari. Sumu haichagui. Humwua mbwa wa jirani, paka, na ndege wale mizoga, tena huweza kumfika mtoto. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo haikumwacha kila mtu awaue wanyama apendavyo. Na bundi, ambaye wengi wetu tumelelewa kumwogopa na kumpiga mawe, chakula chake kikubwa ni panya. Tumwuapo bundi tunamwongezea askari adui alaye vifaranga na nafaka zetu.

Wajibu wa viongozi

Wapo watakaosema kwamba ugonjwa wa kideri huua kuku wengi kuliko vicheche wote. Ni kweli, lakini mambo haya mawili ni kamba moja. Chanjo ya matone ya macho inayotengenezwa nchini huvumilia joto la vijijini kuliko chanjo za zamani, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini ni nani atakayemtia tone jichoni kuku aliyelala juu ya mgunga? Kuku alalaye kizimbani hukamatwa alfajiri bila ya mbio. Palipo na kizimba, chanjo inawezekana. Pasipo na kizimba, chupa hufunguliwa na nusu ya dawa hupotea.

Kwa hiyo, afisa mifugo wa kata anapokwenda kuhimiza chanjo, yafaa aende pia na fundi seremala. Kila kijiji kiwe na kizimba kimoja cha mfano, kilichojengwa kwa vifaa vya pale pale, watu wakione na kukishika. Halmashauri za Bara zitoapo mikopo kwa vikundi vya wanawake, ombi la kujenga vizimba lisiwekwe chini ya faili kwa kuonekana dogo. Nasi wa visiwani tufanye vivyo hivyo katika shehia zetu. Kiongozi anayekagua shamba la mfano hana aibu ya kuinama akakagua kizimba.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha akamtegemea Mwenyezi Mungu, na kwamba usiku ukiingia milango ifungwe na vyombo vifunikwe. Mafundisho hayo ni ya kale, lakini kicheche hajabadilika. Nilipoondoka Sepuka, vijana watatu wa jirani walikuwa wamekwisha simamisha nguzo nne uani kwa mwenyeji wangu, na mama akikunjua debe kwa nyundo. Kuku wake wawili waliosalia walikuwa wakiparua chini ya nguzo hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alikuwa anajenga, na kwa kuku wawili alikuwa anaanza upya.