Punda Afe, Mzigo Ufike. Na Baada ya Mzigo?

Muheza si nchi ya farasi. Ni nchi ya michungwa na mkonge, ya iliki na mdalasini unaoteremshwa kutoka Amani, na mizigo yake husafiri kwa lori, kwa bodaboda, kwa baiskeli na kichwani. Sababu kubwa ni ndorobo. Nzi huyu hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama ambao ugonjwa huo huwamaliza upesi. Daktari David Bruce alivitambua vijidudu vyake huko Zululand mwaka 1895, lakini wenyeji wa nyika zetu walishajua kwamba farasi hadumu porini. Majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1916 yalipomfukuza Mjerumani kwa kufuata bonde la mto Pangani hadi Korogwe na Handeni, kisha kuelekea Morogoro, yalikuja na vikosi vya wapanda farasi, na katika Vita Vikuu vile vya kwanza farasi na nyumbu wa mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu. Wale hawakuwahi kuzeeka.

Swali la kustaafu huja pale mnyama anapomaliza kazi akiwa bado na miaka ya kuishi, na farasi wa mbio ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Huanza kukimbia akiwa na umri wa miaka 2 au 3. Wengi huwa wameshaondoka uwanjani kabla ya kutimiza miaka 10. Na mwili wake ukitunzwa unaweza kufika miaka 25 au zaidi. Sehemu kubwa ya maisha yake, basi, inabaki mbele yake siku anayovuliwa tandiko la mbio. Kwa jirani zetu wa Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, farasi mwenye bahati aliyeishiwa na kasi huhamia shule ya kufundishia watu kupanda farasi, au shamba la uzazi. Lakini bahati haitoshi. Ferdinand, farasi aliyeshinda Kentucky Derby ya Marekani mwaka 1986, aliuzwa Japani akazalishe huko. Alipoonekana haleti faida tena alipitishwa kwa dalali, na mwaka 2002 akaishia machinjioni. Waliomshangilia walikuja kujua mwaka uliofuata, yeye akiwa hayupo. Tuzingatie kwamba kisa hiki hakikutokea kwa watu waliokosa chakula. Farasi huyu alikuwa na jina, picha, kombe na fedha nyingi nyuma yake, na bado hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelazimika kuulizwa: yuko wapi? Ndiyo maana nasema kwamba kinachomharibia mnyama wa kazi mwisho wake si uzee, wala si umaskini wa mwenyewe peke yake. Ni kule kuuzwa kwa mara ya mwisho, kwa mtu ambaye hajawahi kutumikiwa naye na hana wa kumjibu.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili uko Misri. Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, maelfu ya farasi wa majeshi ya Uingereza na washirika wake hawakurudishwa kwao, waliuzwa Cairo. Mwaka 1930 alifika huko Mwingereza mmoja, Dorothy Brooke, mke wa ofisa wa jeshi, akawatafuta. Aliwakuta wakiburuza mikokoteni na mawe, miaka zaidi ya 10 baada ya vita, wamebaki mifupa, baadhi wakiwa na chapa ya jeshi ingali juu ya ngozi. Aliandika barua iliyochapishwa mwaka 1931 katika gazeti la Morning Post la London, wasomaji wakachanga fedha, na ndani ya miaka 3 akanunua farasi 5,000 wa aina hiyo. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama mjini Cairo, na shirika lililozaliwa pale linafanya kazi mpaka leo, Kenya ikiwamo. Linalonigusa zaidi ni kile alichofanya na hao 5,000. Wengi hawakupelekwa malishoni kula nyasi mpaka siku zao zitimie, kwa kuwa walikuwa wamechakaa mno. Walipumzishwa siku chache, wakalishwa, wakanyweshwa, wakalazwa juu ya majani makavu, kisha wakauawa kwa namna isiyo na maumivu. Pia anayestahili kutazamwa ni mmiliki wa mwisho wa Cairo, ambaye mara nyingi alikuwa maskini mwenye watoto: Brooke hakumnyang'anya farasi, alimlipa bei yake. Mateso yale hayakuanza kwa mchukuzi huyo. Yalianza siku jeshi tajiri lilipotia sahihi hati ya mauzo na kuondoka.

Katika nchi za Waswahili aliyebeba kazi ambayo kwingine ilifanywa na farasi ni punda. Huyu huvumilia jua na majani makavu, na ukiivuka Muheza kuelekea Handeni na Kilindi utamkuta kwa Wamasai akibeba maji, na mara nyingi wanaomwongoza ni wanawake na watoto. Huko Lamu yeye ndiye gari la mji: mchanga, mawe ya matumbawe, magunia, vyote hupita mgongoni kwake katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Lugha yetu haikumtendea haki mnyama huyu. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, na tunasema punda afe mzigo wa bwana ufike. La kwanza linamlaumu, la pili linamwua, na hakuna linalouliza amekula nini. Mtazame punda wa mizigo aliyezeeka kwa karibu. Pale ambapo sogi hukaa, nywele zimeota nyeupe juu ya makovu ya zamani, na katikati ya makovu mara nyingi pana kidonda kibichi ambacho nzi hawakiachi. Kwato zimerefuka na kujikunja. Magego yamelika kwa kupishana, hivyo anatafuna majani na kuyatema yakiwa madonge. Anakonda huku chakula kiko mbele yake, na mwenyewe hudhani ni mvivu wa kula. Huko Lamu punda wasio kazini huzurura mitaani na kujaza tumbo kwa makaratasi na mifuko ya plastiki, na plastiki ikiziba utumbo hufa kwa maumivu makali. Ndiyo sababu tangu mwaka 1987 mji ule una kituo cha kutibu punda bila malipo, kilichoanzishwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza.

Kwa Waislamu wa pwani nyama ya punda wa kufugwa ni haramu, kwa hiyo punda mzee hakuwa na bei. Jambo hilo lilikuwa na ubaya wake, maana wengi waliachwa tu. Lakini lilikuwa ngome pia, kwani hapakuwa na dalali wa kumfuata. Ngome hiyo ilibomolewa na biashara ya ngozi. China hutengeneza kutokana na ngozi ya punda iliyochemshwa dawa ya asili iitwayo ejiao, na mahitaji yalipopanda, punda wa China wenyewe walishuka kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika. Kenya, iliyoruhusu kuchinja punda mwaka 2012, ilijikuta na machinjio 4, na kati ya mwaka 2016 na 2018 walichinjwa punda wapatao 300,000, karibu asilimia 15 ya punda wote wa nchi. Watafiti wa serikali yake wakaonya mwaka 2019 kwamba kwa mwendo ule punda wangekuwa wamekwisha kufikia mwaka 2023. Tanzania nayo ilikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga. Wizi ukaingia, watu waliamka na kukuta mizoga iliyochunwa vichakani, na punda wa Tanzania wakavushwa mpaka kwa siri kwenda kuchinjwa Kenya. Hapa ndipo hoja ya mauzo ya mwisho inapoonekana kwa ukubwa wake: mchuuzi wa ngozi hakujali punda ana miaka 4 au 20, ana mimba au ni kilema, ni wa nani au ametoka wapi. Ngozi ni ngozi.

Atatokea wa kuniambia kwamba maadili haya ni ya wenye shibe. Mkulima mwenye punda aliyechoka na ada ya shule inayodaiwa hawezi kukataa fedha taslimu. Pingamizi hili ni la kweli na sitaki kulipita juu juu. Lakini tuifuate ile fedha. Aliyeuza punda wake kwa bei ya ngozi alirudi sokoni baada ya msimu akitafuta mwingine, akakuta bei imepanda, kwa sababu yeye na jirani zake ndio waliowapunguza. Punda hubeba mimba kwa miezi 12 au zaidi, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hawezi kubebeshwa mzigo kwa haki kabla ya kufika miaka 3 au 4. Pengo halizibiki kwa mwaka. Maji hayasubiri. Ndoo ilirudi kichwani kwa mama na kwa binti yake. Ile fedha ya mara moja, basi, ililipwa kila asubuhi na mtu ambaye kwa kawaida hakushirikishwa katika uuzaji.

Wengine husema: mbona ng'ombe wa plau akizeeka hupelekwa kwa mchinjaji na hakuna anayelia? Swali zuri, na sidai kwamba kuchinja ni dhambi au kwamba punda ni mtukufu kuliko maksai. Tofauti iko katika mpango. Ng'ombe hupita mnadani mbele ya macho ya watu, hukaguliwa na mtaalamu wa mifugo, na nyama yake hufika chungu kinachojulikana, huku kundi likiendelea kuzaa. Punda wa ngozi alisafirishwa siku nyingi bila maji, kwa kuwa hata akifa njiani ngozi yake ilikuwa bado ina bei. Mfanyabiashara asiyepata hasara mnyama anapokufa hana sababu ya kumnywesha.

Lipo pingamizi la tatu, na hili hutoka kwa wenye huruma: kumwua mnyama aliyekutumikia ni ukatili, heri umwachie aende zake. Nadhani hapa ndipo watu wema hukosea. Kumwachia punda asiye na magego barabarani, kati ya malori ya Segera na majalala, ni kumhukumu kifo cha polepole ambacho wewe hutakiona. Masimulizi ya dini yetu ya pwani yanamkumbuka ngamia aliyelia mbele ya Mtume kwa kushindishwa njaa na kuchoshwa na kazi, na aliyeulizwa siku ile alikuwa mwenye ngamia. Mwenye mnyama ndiye wa kuulizwa. Mnyama akiwa bado anakula na kutembea, apewe kivuli na majani. Akiwa hawezi tena, aitwe daktari wa mifugo ammalizie maumivu, mwenyewe akiwapo.

Sheria tunazo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, wa kazi wakiwamo, na sheria ya mwaka 2010 inataka mifugo itambuliwe na kusajiliwa. Hereni za kielektroniki zilipoanza kuvalishwa, punda naye alihesabiwa, ingawa wafugaji walilalamikia gharama, na kwa haki. Kinachopungua ni kitu kidogo na cha bei nafuu: ofisa mifugo wa kata mwenye dawa ya kumlaza mnyama, anayeweza kuitwa bila mwenye punda kulipa fedha inayozidi thamani ya punda mwenyewe. Huduma hiyo ikiwa ghali, dalali atakuwa na nafuu kuliko daktari, na mwenye shida atamwita dalali. Tanzania ilipiga marufuku biashara ya ngozi mwaka 2022, na Desemba ya mwaka huo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima juu ya punda. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaisimamisha biashara hiyo kwa miaka 15. Punda aliyezaliwa mwezi ule atakuwa mzee wa mizigo marufuku hiyo itakapofika ukingoni mwaka 2039, na wanunuzi wa ngozi hawatakuwa wamesahau njia. Halmashauri za Handeni, Kilindi na Muheza zina muda huo wa kuwaandikisha punda, kuwapa maofisa wao dawa, na kuhakikisha kila anayemuuza punda mnadani anaacha jina lake na la aliyenunua.