Utokaji wa Vumbi katika Nyotamkia Zilizo Mbali na Jua: Mfano wa C/2017 K2 Ilipopita Utosini mwa Lushoto

Utangulizi

Katikati ya mwezi Julai 2022, nyotamkia C/2017 K2 ilipita karibu na fungunyota la M10 katika kundinyota la Hawaa. Fungunyota hilo liko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta ya anga. Mji wa Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi, uko karibu digrii 4.8 kusini mwa ikweta ya Dunia. Kwa hiyo, mnamo saa nne usiku, nyotamkia hiyo ilikuwa karibu utosini mwa mji huo. Kitu kilicho utosini hutazamwa kupitia tabaka fupi kuliko yote la hewa, na kimo cha Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hulipunguza tabaka hilo zaidi. Hata hivyo, mwezi ulikuwa mpevu tarehe 13 Julai, na nyotamkia yenyewe, ikiwa vizio astronomia 1.8 kutoka Duniani, haikuonekana bila darubini. Kizio astronomia kimoja ni takriban kilomita milioni 150, yaani umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua.

Sehemu kubwa ya nuru ya nyotamkia hiyo ilikuwa nuru ya Jua iliyoakisiwa na vumbi. Makala haya yanafafanua vumbi hilo lilianza kutoka wapi na kwa nguvu gani, na kwa nini jibu lake linabadili maana ya kuiita nyotamkia kuwa ni “mpya”.

Mipaka ya maelezo ya barafu ya maji

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kiini cha nyotamkia kinapokaribia Jua, barafu yake ya maji hugeuka kuwa gesi bila kuyeyuka kwanza, na gesi hiyo huinua vumbi. Maelezo hayo yanatosha kwa umbali wa vizio vichache tu. C/2017 K2 iligunduliwa Mei 2017 na mradi wa Pan-STARRS huko Hawaii, ikiwa vizio 16 hivi kutoka kwenye Jua, na tayari ilikuwa imezungukwa na koma, yaani wingu la gesi na vumbi. Picha za zamani zilipochunguzwa upya, ilibainika kuwa koma hiyo ilikuwapo tangu 2013, kwa umbali wa vizio 23.7, mbali kuliko mzingo wa sayari Uranusi.

Jotoridi la wastani la kiini hukadiriwa kwa kugawanya kelvini 278 kwa kipeuo cha pili cha umbali. Kwa vizio 23.7, matokeo ni kelvini 57. Hata pale kwenye uso wa kiini ambapo Jua huwa la utosi, jotoridi halizidi kelvini 81 hivi. Barafu ya maji huhitaji takriban kelvini 150 ili itoe gesi ya kutosha. Nadharia ya pili hutegemea barafu isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo hutoa gesi zilizonaswa ndani yake inapogeuka kuwa fuwele; lakini kwa kelvini 81, mageuzi hayo yangechukua mamilioni ya miaka. Kaboni dioksaidi, inayohitaji kelvini 80 hivi, iko kwenye ukingo. Kaboni monoksaidi hutoa gesi hata kwa kelvini 25, na ndiyo inayokidhi masharti kwa urahisi zaidi. Gesi hiyo ilikuja kutambuliwa katika C/2017 K2 yenyewe, ilipokuwa vizio 6.7 kutoka kwenye Jua.

Ukubwa wa punje

Koma ya C/2017 K2 ilipokuwa mbali ilikuwa na umbo la duara, bila mkia ulio dhahiri. Mbano wa nuru ya Jua husukuma punje ndogo kwa urahisi na kuzifanya mkia. Kwa hiyo umbo la duara huashiria punje kubwa, zinazokaribia mchanga kwa ukubwa. Hapa pana ugumu. Kadiri punje inavyokuwa ndogo, ndivyo nguvu ya kugandamana inavyoishinda nguvu ya gesi: unga hunata vidoleni, mchanga hupukutika. Gesi hafifu ya mbali inaweza kung’oa punje kubwa na kuziacha ndogo. Hivyo, ukubwa wa punje unaafikiana na chanzo cha gesi kilicho dhaifu.

Umuhimu wa matokeo

Mfano huu si wa pekee. Nyotamkia C/2014 UN271 ilionekana kuwa na koma mnamo Juni 2021, ikiwa vizio 20 hivi kutoka kwenye Jua, kupitia darubini ya mita 1 iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Baadaye kaboni monoksaidi ilitambuliwa ndani yake kwa umbali wa vizio 16.6.

Kwa muda mrefu, nyotamkia zitokazo katika Wingu la Oort zimehesabiwa kuwa hazina ya mata asilia, isiyoguswa tangu Mfumo wa Jua ulipoumbwa. Chombo cha Ulaya kiitwacho Comet Interceptor, kilichopangwa kurushwa mwaka 2029, kinakusudiwa kuitembelea mojawapo. Ushahidi uliojadiliwa unaonesha kuwa uso wa nyotamkia ya aina hiyo huwa umepoteza gesi na vumbi kwa miaka mingi kabla ya kufika karibu. C/2017 K2 ilipopita utosini mwa Lushoto, ilikuwa imekwisha kutoa vumbi kwa muda usiopungua miaka tisa. “Upya” wa nyotamkia, basi, unapaswa kuelezwa kwa historia ya jotoridi lake, na si kwa idadi ya safari zake kuzunguka Jua pekee.