Asubuhi Darasani, Jioni Chuoni

Mtoto wa Kiislamu Tabora mjini huweza kuwa na walimu wawili kwa siku moja: wa darasa la awali asubuhi, na maalimu wa chuo cha Kurani jioni. Jirani yake Mkristo husubiri Jumapili. Wote wanatakiwa watoke na adabu.

Dini hizi mbili zilifika Tabora kwa miguu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao, katikati ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Njia iliyobeba pembe na watumwa ilibeba pia msahafu. Miaka ya 1880 wamisionari Wakatoliki, White Fathers, wakaweka makao Kipalapala, karibu na Tabora, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Wanyamwezi, wenyeji wa hapo, hawakuhitaji kitabu: mtoto alikunja goti mbele ya mkubwa, akasema "Mwangaluka," na somo la heshima likawa limeanza.

Ubaya wa chuo, na wa katekisimu pia, ni kukariri kupita kiasi. Mtoto aweza kuisoma Alhamdu yote bila kukosea, akamaliza, akamnyang'anya mwenzake embe papo hapo.

Mombasa waliutafutia ubaya huo dawa. Mwaka 1986 Wakfu wa Aga Khan, pamoja na mwalimu Swafiya Said, walianzisha shule za awali za jamii zilizounganisha mafunzo ya dini na michezo. Zanzibar wakafuata 1990, Uganda 1993. Vifuu, kokoto na vizibo vya chupa vikawa vifaa vya kuhesabia. Bismillahi ikasemwa pale chakula kinapoliwa, mikono ikiwa imenawishwa. Tendo na neno vilikwenda pamoja, na hilo ndilo chuo cha kukariri tu hulikosa. Utafiti uliochapishwa 2008 uliwakuta watoto wa shule hizo wakifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali.

Tanzania Bara, sera ya elimu ya 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, angalau mwaka mmoja. Serikali haina dini, na darasani mtoto hujifunza yale wanayokubaliana wote: kusubiri zamu, kugawana, kuomba radhi. Si machache.

Tofauti iko pia kwa mwalimu. Walimu wa mpango wa Mombasa walipewa mafunzo, kisha wakufunzi wakawafuata darasani. Maalimu wa mtaani kwa kawaida hana wa kumtembelea. Anategemea mchango wa wazazi, na hufundisha alivyofundishwa.