Majimbo ya Marekani na Kura Yangu ya Meru

Mimi ni mtu wa chama, na sioni haya kulisema. Marehemu baba yangu alikuwa KADU pale Mombasa, wakati majirani zetu wengi wakidai Mwambao, na jina la Ronald Ngala nililisikia nyumbani kabla sijajua kuhesabu. Chama hicho kilipojivunja mwezi wa Novemba 1964 na wafuasi wake wakaingia KANU, baba aliingia kwa miguu tu; moyo wake ulibaki KADU mpaka alipokwenda mbele ya haki. Mimi nilirithi kwake vitu viwili: duka la vitambaa na imani ya majimbo. Duka nililihamishia Meru mwaka 1988. Imani nilikwenda nayo vilevile, na hiyo ndiyo iliyonipa taabu.

Ndugu zangu wa pwani hawahitaji kuelezwa imani hiyo. Kwetu sisi neno majimbo lina maana ya bandari, ardhi na kazi: mapato ya Kilindini yasipande yote gari la moshi kwenda Nairobi, na mwana wa pwani asiitwe skwota juu ya shamba la babu yake. Kumbe bara neno hilohilo lina sura nyingine. Katiba ya majimbo ilipoanza tarehe 1 Juni 1963, Meru na Embu zilitolewa katika Mkoa wa Kati zikawekwa pamoja na Wakamba na watu wa kaskazini katika Jimbo la Mashariki, makao makuu yake yakiwa Embu. Mwaka uliofuata majimbo yalivunjwa nguvu, lakini mipaka ile ilibaki ikaitwa mkoa. Basi Wameru na Waembu walikaa miaka mingi ndani ya kitu kilichoanza kama jimbo, wala sijapata kukutana na mzee wa huko anayelitaja neno lenyewe kwa furaha.

Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000 jirani yangu pale Meru alikuwa mfanyabiashara wa miraa, mtu wa Igembe. Aliniita Shehe, ingawa mimi si shehe. Naye alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita Mzee. Asubuhi alikuwa na desturi ya kuja kibarazani kwangu kusikiliza redio kabla magari ya miraa hayajaondoka. Asubuhi moja ya Novemba, Sauti ya Amerika ilikuwa ikitaja jimbo la Florida, jimbo la Ohio, jimbo la Tennessee. Mzee akageuka.

"Shehe, hao nao wana majimbo?"

"Hamsini," nikamjibu, na nakiri nilijibu kwa kiburi. Nilimweleza jinsi Mmarekani asivyompigia rais kura moja kwa moja, bali kila jimbo lina idadi yake ya wateuzi, jumla 538, na anayepata 270 ndiye mshindi. Nikamwambia hiyo ndiyo heshima ya jimbo: mgombea hawezi kukaa katika mji mmalizano wa watu wake akadai nchi nzima. Baba angalikuwa hai angalinipigia makofi.

Lakini siku zilipita na mshindi hakutangazwa. Ramadhani ikaingia, nasi bado tunahesabiwa kura za Florida. Mwishowe Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua tarehe 12 Desemba, majaji watano dhidi ya wanne, na alfajiri ya tarehe 14 kwa saa zetu tukamsikia Al Gore akikubali kushindwa. Alisema hakubaliani na uamuzi ule, lakini anaupokea. Huko Florida alikuwa amepitwa kwa kura 537, na katika nchi nzima alikuwa amemzidi George Bush kwa zaidi ya kura nusu milioni.

Mzee alifikiri kwa muda. "Ana kura nyingi, na ameshindwa. Hayo ndiyo majimbo yako?" Kisha akaongeza jambo ambalo tangu nihamie pale hakuwahi kunigusia. Mdogo wake alikuwa na kibanda cha biashara Likoni. Mwezi wa Agosti 1997 kilichomwa, naye akavuka kivuko usiku na watoto bila hata viatu. "Waliomchomea," Mzee akasema, "walikuwa wanalitaja neno hilohilo lako."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kusema ya kwamba mimi sikuwako, na kwamba hata pwani wako watu waliolaani mambo yale. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba habari za Likoni ziliponifikia mwaka ule, nilichosikitikia kwanza ni jina la majimbo kuchafuliwa, na mwenye kibanda nilimkumbuka baadaye.

Ulipofika mwaka 2007 chama changu kilikuwa ODM, chama cha chungwa, na majimbo yalikuwa yamerudi majukwaani. Meru na Embu walikuwa watu wa Mwai Kibaki bila mashaka yoyote. Juu ya hilo, mwezi wa Agosti Raila Odinga alikuwa ametia sahihi mkataba na viongozi wa Kiislamu, na bara wengi waliaminishwa kwamba ndani yake mna sharia kwa nchi nzima. Wateja niliowapimia vitambaa miaka kumi na tisa walianza kuniuliza kama wake zao watalazimishwa kuvaa buibui. Wengine walitania; wengine hawakuwa wakitania.

Mama alinipigia simu kutoka Mombasa. "Mwanangu, kajiandikishe huku. Huko kura yako unaitupa mtoni." Kwa hesabu za chama maneno yake yalikuwa na nguvu, lakini nilikuwa nimekwisha kujiandikisha Meru, wala sikubadili. Nilikuwa nimelipa kodi pale, watoto wangu wamesoma pale, na makaburini nina mtoto wangu mmoja pale. Tarehe 27 Desemba nilipanga foleni, na Mzee alisimama nyuma yangu. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa na nchi ikawaka. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika majuma yaliyofuata. Meru haikuungua kama Bonde la Ufa, lakini vijana wawili watatu walipita mbele ya duka langu wakinitajia chungwa kwa sauti nisiyoipenda. Siku tatu mfululizo Mzee aliketi kibarazani kwangu tangu asubuhi mpaka usiku, akitafuna miraa yake. Sikumwuliza kwa nini, naye hakunieleza.

Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa Barack Obama. Msomaji anakumbuka siku ya mapumziko ya tarehe 6 Novemba 2008, na ule mzaha kwamba Mjaluo amepata urais wa Marekani kabla ya kuupata wa Kenya. Hata Meru walichinja. Mimi nilifurahi kama wengine, ila jambo moja lilinikaa rohoni. Obama alizaliwa Hawaii, baba yake mtu wa Kogelo, mama yake mzaliwa wa Kansas, na jimbo lililompeleka Seneti ni Illinois, ambako si yeye wala wazazi wake waliozaliwa. Alihamia, akafanya kazi Chicago, akaandikishwa, akachaguliwa. Walioeneza uvumi kwamba ni Mwislamu walidhani wamemmaliza. Colin Powell, mtu wa chama cha upande wa pili, akasimama akauliza: na kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani katika nchi ile? Tayari Keith Ellison wa Minnesota alikuwa amekwisha kula kiapo cha Bunge, Januari 2007, kwa msahafu uliokuwa mali ya Rais Thomas Jefferson.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo baba hakunionyesha. Jimbo la kule ni la anayekaa. Jimbo tulilolipigia kelele sisi, wengi wetu tulikusudia liwe la aliyezaliwa, na babu yake awe alizaliwa. Kwa kipimo hicho yule wa Likoni hana kura Likoni, na mimi sina kura Meru.

Wala nisije nikawasifu Wamarekani kupita kiasi. Kwa miaka mingi majimbo yao ya kusini yaliwazuia watu weusi kujiandikisha kupiga kura, na kisingizio kilikuwa hicho hicho, haki za majimbo. Ilibidi serikali ya shirikisho itunge sheria mwaka 1965 kuwalinda. Na katika ile hesabu ya wateuzi niliyomsifia Mzee, karibu kila jimbo humpa mshindi wateuzi wote. Maine na Nebraska tu ndizo zinazogawa. Mwaka 2020 Donald Trump alipata California kura zaidi ya milioni sita, nyingi kuliko alizopata Texas aliyoishinda, na hazikumpa mteuzi hata mmoja. Watu milioni sita wametupa kura mtoni, kama alivyosema mama.

Katiba yetu ya 2010 haikufuata njia hiyo. Mgombea urais anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, tena asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Meru ni kaunti, Embu ni kaunti, na Tharaka Nithi kati yake ni kaunti. Kura yangu ya chungwa ndani ya Meru inasafiri mpaka Nairobi na kuhesabiwa kura moja, sawa na ya ndugu yangu aliye Mombasa. Watu wa chama changu pwani hawapendi nikisema hivi, lakini nadhani katika jambo hili tumewapita Wamarekani.

Kuna jambo moja zito zaidi kwa mtu wa chama kulisema. Mwaka 2007 viongozi wetu walikataa kwenda mahakamani, wakisema hakuna haki huko, nami nilikubali moja kwa moja. Mwaka 2017 tulikwenda, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais, nililia dukani. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyohiyo ikatukataa, na sikutaka kula siku nzima. Kati ya siku hizo mbili, tarehe 6 Januari 2021, niliangalia televisheni na kuwaona wafuasi wa Trump wakivunja madirisha ya Bunge lao baada ya kesi zaidi ya sitini kushindwa. Mwanangu alikuwa akiwacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliwafahamu. Ile sura ya mtu anayeamini kwamba chama chake hakiwezi kushindwa ila kwa wizi, niliwahi kuiona kwenye kioo cha duka langu siku zile Mzee alipokuwa ameketi nje.

Mama alifariki mwaka 2014 akiniona bado mkaidi. Mzee amekuwa mtu mzima sana, hatoki tena, lakini Jumapili nikienda Igembe kumsalimu huniuliza habari za Marekani kabla ya habari za watoto. Mdogo wake alirudi Likoni mwaka 2011 akajenga kibanda kipya hatua chache kutoka kilipokuwa cha kwanza. Anapiga kura kulekule. Nimemwuliza mara mbili anampa nani, na mara zote mbili amenipimia sukari na kuniuliza kama nataka na majani ya chai.