Kwa nini mvuvi habadili nembo kwa sababu ya bei

Mfanyabiashara anayeingia katika biashara ya zana za uvuvi hugundua jambo moja mapema sana: mteja haulizi kama kuna ndoano, anaulizia Mustad. Akionyeshwa nembo nyingine, hata kama bei ni nusu, huigeuza-geuza mkononi, huirudisha mezani na kwenda duka la jirani. Mwenye duka hubaki akidhani kwamba mteja ana ushabiki. Tukipiga hesabu vizuri, tutaona kwamba mteja huyo anajua anachofanya.

Ubora wa ndoano hauonekani dukani. Mchele unaweza kuutafuna punje mbili ukajua ni wa zamani au mpya, lakini ndoano, mshipi na rili hujulikana samaki akishika, na hapo kosa haliwezi kurekebishwa. Tuchukue mfano: ndoano imara iwe Sh 500 na ya rahisi Sh 250. Aliyenunua ya rahisi ameokoa Sh 250. Ikinyooka mbele ya jodari mmoja mzito, amepoteza samaki, chambo na sehemu ya petroli ya safari. Kwa hiyo ile Sh 250 ya ziada ni kama ada ya bima, na jina lililopigwa kwenye paketi ndiyo hati yake. Mustad, iliyoanzia Gjøvik nchini Norwei mwaka 1832 na kuanza kutengeneza ndoano katika miaka ya 1870, imekuwa ikiuza hati hiyo kwa zaidi ya karne moja.

Imani ya namna hii hujengwa polepole. Mfano mzuri ni Rapala ya Ufini. Mwaka 1936 Lauri Rapala, mvuvi aliyekuwa akitafuta riziki tu, alichonga chambo bandia kwa gome na kukifunika kwa karatasi ya chokoleti na filamu za picha zilizoyeyushwa. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa humvamia yule mdogo anayeyumba kama mgonjwa. Kila chambo kilijaribiwa majini kabla ya kuuzwa, na kampuni iliendelea na desturi hiyo hata ilipokua. Bahati nayo ilichangia: mwezi Agosti 1962 gazeti la Life la Marekani lilichapisha habari za chambo hicho katika toleo lilelile lililobeba kifo cha Marilyn Monroe, toleo lililosomwa na umati mkubwa. Tangazo lilileta wanunuzi, lakini kilichowarudisha dukani mara ya pili ni chambo kuyumba majini kama walivyoahidiwa.

Kwenye rili mambo ni tofauti kidogo. Rili haiishi kwa safari moja. Penn, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, ilijipatia wateja kwa sababu rili yake hufunguliwa, husafishwa chumvi, hubadilishwa kipuri na kurudi kazini. Mwenye kuwa na rili tatu za aina moja ana vipuri vyake, mkono wake umezoea breki zake, na mtoto wake amejifunzia hizo hizo. Kuhamia nembo nyingine maana yake ni kuanza upya vyote hivyo. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapokosea: wanaleta rili bila vipuri. Rili ya kwanza itauzika, ya pili haitauzika.

Lakini je, uaminifu huu una thamani gani kwa fedha taslimu? Jibu lipo kwenye manunuzi ya makampuni. Abu ya Uswidi ilianza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa katika mji wa Svängsta, ikaja kutengeneza rili, na ikawa Abu Garcia. Mwaka 1995 iliangukia mikononi mwa kampuni ya Kimarekani ambayo leo huitwa Pure Fishing, iliyokuja kuwa na majina ya Berkley, Mitchell, Shakespeare na Penn pia. Mwaka 2018 Pure Fishing iliuzwa kwa Sycamore Partners kwa dola bilioni 1.3. Hata ukijumlisha mashine na maghala yote, sehemu kubwa ya kilichonunuliwa ni tabia ya mvuvi ya kutaja jina kabla ya kuuliza bei.

Tabia hiyo ina mwisho wake. Mwenye jina jipya akihamishia uzalishaji mahali pa gharama ndogo na gia zikaanza kusagika, habari husambaa bandarini kwa wiki moja. Bidhaa bandia huleta madhara yaleyale, na muuzaji wa rejareja ndiye anayeulizwa, siyo kiwanda. Weka risiti za jumla, na paketi ambayo maandishi yake yamefifia usiikubali hata kwa bei ya kutupa.

Kwa wanaofikiria hisa, tahadhari moja. Shimano, ambayo rili zake zinapendwa na wavuvi wa sulisuli, ipo kwenye soko la hisa la Tokyo, lakini mapato yake mengi hutoka kwenye vipuri vya baiskeli. Rapala VMC, iliyoko soko la Helsinki, ni ya uvuvi zaidi. Anayenunua hisa za Shimano kwa kupenda rili zake, kwa sehemu kubwa amenunua gia za baiskeli.