Kitambaa kimepinda? Usikitupe

KUNA uchungu gani kama kudarizi foronya kwa miezi miwili, ukiiba saa za usiku watoto walalapo, kisha ukiitandaza kitandani uone maua yameinama upande mmoja kama ngalawa iliyolemewa? Na foronya za bibi arusi hazingojei.

Waliosoma sayansi ya nyumbani katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, watakumbuka mshono wa msalaba. Msalaba mmoja ukienda kombo, yote hufuata. Lakini mara nyingi kosa si la mshonaji. Kitambaa kina nyuzi za mtande ziendazo kwa urefu na za mshindio zinazozikatiza, nazo zapaswa kukutana kama pembe ya daftari. Kikivutwa na kuviringishwa kiwandani, mshindio huweza kwenda mshazari. Kisha muuzaji, awe wa Ukunda, Msambweni au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, hukata kwa kukisia.

Kwa hivyo usiuamini ukingo uliokatwa. Chomoa uzi mmoja wa mshindio toka upande hadi upande; mfereji utakaobaki ndio mstari wa kukatia. Fanya hivyo na mwisho wa pili, kisha kikunje katikati. Pembe zikipatana, shona. Zikipishana, tiba ipo.

Kiloweke katika maji ya vuguvugu na ukikamue bila kukisokota. Mwite mwenzako. Shikeni zile pembe mbili zinazotazamana ambazo zimekaribiana zaidi, mvute polepole hadi zote nne zikae sawa. Kitandazeni juu ya taulo, mkibane kwa pini, kikauke kivulini. Jua la Diani si rafiki wa rangi. Pamba hutii. Poliesta ni kaidi, na sioni sababu ya kuinunua kwa kazi hii.

Na kama umeshafika nusu ya kazi? Pangusa kwanza nyuma ya ua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Wekundu ukihamia, uzi unachuja, na foronya itageuka ya waridi kabla ya arusi. Basi usiloweke, vuta kikiwa kikavu, kidogo kidogo, uridhike na utakachopata.

Liko kosa lisilo na dawa: nyuzi za upande mmoja kuwa nyingi kuliko za upande wa pili. Aida ya miraba 14 kwa inchi hutoa ua la misalaba 70 lenye inchi 5 kila upande. Kwenye pamba yenye nyuzi 28 kwa inchi upande huu na 24 upande ule, msalaba ukichukua nyuzi mbili mbili, ua hilo litakuwa inchi 5 kwa karibu 6. Duara limekuwa yai. Weka rula uhesabu kabla ya kulipa. Mwenye duka akinuna, mwache anune. Kama umeshakinunua, kishonee matawi ya asumini. Nani atayapima?